Kujikana Nafsi Mbele ya Mizani



Hakuna mafungo ya vijana niliyohudhuria hapa Kolwezi ambayo hayakufika, mapema au kwa kuchelewa, kwenye sura ya 16 ya Injili ya Matayo, pale Yezu anapomtaka kila atakaye kumfuata ajikane mwenyewe na kuuchukua msalaba wake. Neno hilo twalipenda. Twaliimba, twaliandika kwenye vitambaa vya sikukuu, twampa kama nasaha mwenzetu aliyefukuzwa kazi au aliyeachwa na mchumba. Nami pia nalipenda. Lakini leo nataka kulisema jambo ambalo nimelibeba kwa miaka kadhaa: kwamba neno hilo takatifu lilinisaidia kutenda dhambi kwa amani ya moyo kwa muda wa miezi saba.

Nilikuwa na umri wa miaka 23. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, nami nilikuwa kifungua mimba. Nilipata kazi katika depo moja ya kununulia madini, kando ya barabara, si mbali na soko la Musompo. Anayeishi huku kwetu anajua kazi hiyo inavyokwenda. Wachimbaji huleta magunia yao kwa pikipiki, gunia hupandishwa kwenye mizani, kisha kile chombo ambacho sote twakiita Metorex huelekezwa kwenye mawe, nacho huonyesha ni asilimia ngapi ya kobalti iliyomo. Bei hutegemea mambo hayo mawili, uzito na asilimia, halafu hukatwa kiasi fulani kwa ajili ya unyevu. Mimi nilikuwa mshika chombo na mwandishi wa daftari. Siku ya pili tu mkuu wa depo alinieleza, bila kupaza sauti wala kuona aibu, kwamba chombo kikionyesha sita, mimi niandike nne. Mizani yenyewe ilikuwa imekwisha kutengenezwa kabla sijafika.

Niliandika nne. Niliandika nne asubuhi na jioni, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na watawa.

Katika mwezi wa tatu wa kazi hiyo tulikwenda mafungo ya siku mbili. Mhubiri alikuwa mtu wa sala, na hata leo simlaumu kwa neno hata moja alilolisema. Alituambia kwamba chanzo cha taabu zetu ni huyu "mimi" anayetaka kuonekana, kusifiwa na kupata. Kwamba Mkristu hana budi kufa kwa nafsi yake ili awe chombo mikononi mwa Mungu. Nililia machozi usiku ule. Nilijiona wazi: mimi si kitu, mimi ni chombo tu. Mshahara wangu wote nilikuwa nampa mama, zaka nilitoa, bakshishi za wanunuzi nilizikataa, pombe sikunywa. Basi, nikawaza, yanayofanyika katika depo si yangu. Ni ya wenye depo. Mimi nimekwisha kujikana, na aliyejikana anadaiwa nini?

Jumatatu nilirudi kazini nikiwa mwepesi kama manyoya. Nilikuwa chombo kweli, kama ile Metorex. Tofauti ni kwamba ile Metorex ilisema sita.

Baadaye ikaja siku ambayo mama mmoja wa kwaya ya parokia yetu alileta gunia. Yeye na wenzake wawili huosha mawe mtoni, miguu ndani ya maji tangu alfajiri, na hukusanya wiki nzima ili wajaze gunia moja. Alifurahi kuniona pale. Aliona kwamba kwa kuwa ni mimi niliyeshika kalamu, hatapunjwa. Nikaelekeza chombo, nikasoma, nikaandika. Alipozipokea faranga zake alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia: "Asante, mwanangu, Mungu akuzidishie." Usiku huo sikulala, na Jumamosi nilikwenda kuungama.

Naweza kuyasimulia niliyoyasema mimi, maana siri ile inamfunga padri, haimfungi anayeungama. Nilisema hivi: "Padri, pale kazini mizani inapunguzwa, na asilimia inaandikwa chini ya ile iliyo ya kweli." Padri, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniuliza: "Nani aliandika?" Nikamjibu: "Padri, iliandikwa vile kwa amri, mimi niliambiwa tu." Akarudia, bila ukali: "Nani aliandika nne?" Nikanyamaza muda mrefu. Kisha nikasema: "Mimi." Akasema: "Vema. Sasa tunaweza kuanza."

Nimetafakari mara nyingi juu ya swali lile. Lugha yetu ni karimu mno kwa mtu anayetaka kujificha. Sahani haivunjwi na mtu, imevunjika. Fedha za kikundi hazikuliwa na mhazini, zimepotea. Gari la mchanga halikupinduliwa na dereva mlevi, limeanguka. Kila tendo laweza kusimuliwa bila mtendaji, na masikio yetu hayaoni kasoro. Labda ndiyo maana Mama Kanisa, mwanzoni mwa Misa, anatutaka tujipige kifua na kulitamka neno "mimi", kila mmoja kwa kinywa chake, hata kama tumesimama elfu moja pamoja.

Hapo ndipo ninapouona ugumu wote wa jambo hili. Injili inanidai niikane nafsi yangu, na Injili hiyohiyo inanidai niwajibike, yaani nijibu nikiulizwa. Lakini atakayejibu ni nani kama nafsi imekwisha kukanwa? Katika kitabu cha Mwanzo Mungu anauliza maswali mawili mapema kabisa: anamwuliza Adamu aliko, na anamwuliza Kaini aliko ndugu yake. Adamu anamsonta mke wake, Kaini anauliza kama yeye amewekwa kuwa mlinzi. Wote wawili wameikana nafsi kwa namna fulani, maana wamekataa kusema "ni mimi". Pilato naye, mbele ya umati, anaagiza maji na kunawa. Hakutaka makuu siku ile. Alitaka tu asihesabiwe kuwa mmoja wa waliotenda. Watu hao watatu hatuwaiti watakatifu.

Kwa hiyo kuna "mimi" wawili, nao hatuna budi kuwatenganisha kwa uangalifu. Yuko mimi anayetaka kupata, kusifiwa, kuokoka peke yake. Huyo ndiye anayepaswa kupelekwa msalabani. Na yuko mimi anayejibu anapoulizwa nani aliandika. Huyu wa pili tukimwua pamoja na yule wa kwanza, tunabaki na mtu mtulivu, mpole, mwenye sala nyingi, ambaye anaweza kuandika nne miaka 30 bila kutetemeka mkono. Shetani hana haja ya kumtafutia mtu kama huyo majaribu mengine.

Kanisa liliyaona haya zamani. Katika karne ya 17 mjini Roma alikuwako padri Mhispania aitwaye Miguel de Molinos, kiongozi wa kiroho aliyesikilizwa na wakubwa wengi. Kitabu chake cha mwaka 1675 kilifundisha roho itulie kabisa mbele ya Mungu, iache juhudi na matakwa yake yote, iwe kama isiyokuwapo. Kuna uzuri katika fundisho hilo, na watakatifu wengi walisema maneno yanayolikaribia. Lakini mwaka 1687 Papa Inosenti XI alizilaani hoja 68 zilizohusishwa naye, na Molinos alifia kifungoni mwaka 1696. Mojawapo ya mambo yaliyolitisha Kanisa ni hili: roho iliyojiona imekwisha kujiachilia kwa Mungu ingeweza kuyatazama matendo mabaya ya mwili wake kana kwamba ni ya mtu mwingine, isipambane nayo wala isiyaungame. Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kijana wa Musompo, asiyejua hata mahali Hispania ilipo kwenye ramani, alikuwa ameuvumbua uzushi huo upya akiwa na kalamu ya bic mkononi.

Na si mimi peke yangu. Twendeni pamoja kwenye vilio vyetu. Tarehe 27 Juni 2019 sehemu ya mgodi wa KOV, hapa karibu na mji, iliporomoka na kuwafunika wachimbaji wa mikono waliokuwa chini. Waliokufa walizidi 40. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wenu, na mitaa mingi ya Kolwezi iliweka matanga wiki ile. Katika vilio kama hivyo, kabla na baada ya mwaka ule, nimesikia maombi yakiongozwa na vijana wa vikundi vyetu, na karibu kila mara neno ni lilelile: ni mapenzi ya Mungu, sisi tunyenyekee. Naelewa kwa nini twasema hivyo. Mama aliyempoteza mwanawe hahitaji hotuba, anahitaji mtu wa kuketi naye mkekani. Lakini neno "mapenzi ya Mungu" likisemwa upesi mno hufanya kazi ya lile neno langu "iliandikwa". Linafuta watendaji. Nani aliwaonyesha wale vijana mahali pa kuingilia? Nani alingojea nje kununua watakachokitoa? Nani alikuwa na wajibu wa kuuangalia ukuta ule? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka nchini mwetu, na sehemu kubwa ya hiyo katika mkoa huu wa Lualaba. Katika mali nyingi kiasi hicho hapawezi kukosekana watu wa kujibu. Kumtwika Mungu jibu lao si unyenyekevu. Ayubu alivumilia mengi kuliko sisi, na hata hivyo alidai kuulizana na Mungu ana kwa ana.

Sasa niwageuzie upande wa pili, maana mtu aweza kunisikia vibaya akadhani ninadharau kujikana. Yuko kijana mmoja wa nchi hii ambaye kwake mambo haya mawili yalikutana katika sahihi moja.

Floribert Bwana Chui Bin Kositi alizaliwa Goma mwezi wa Juni 1981. Alisomea sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, akawa rafiki wa watoto wa mitaani. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, kwenye mpaka. Tazameni jinsi kazi yake ilivyofanana na ile ya depo: bidhaa inaletwa, mtu anaikagua, mtu anaandika. Iliyoletwa ilikuwa chakula kilichoharibika. Walimpa fedha ili aandike kwamba ni kizima, akakataa, wakaongeza, akakataa, na chakula kile kikaharibiwa. Alimweleza mtawa mmoja rafiki yake, aliye daktari, jinsi alivyokuwa akishawishiwa, na swali lililokuwa likimsumbua lilikuwa juu ya wale ambao wangekila chakula kile. Mwaka 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Papa Fransisko aliwatajia vijana mfano wake katika Uwanja wa Mashujaa, Kinshasa, mwezi wa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma.

Mara nyingi twamsifu kwa kutoa uhai wake, na ni haki. Mimi hupenda kusimama hatua moja kabla. Floribert hakuacha kazi ile ili abaki msafi, wala hakukimbilia monasterini. Aliishika kalamu. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi, na alijua kwamba watu asiowajua, huko sokoni, watakula au hawatakula kwa sababu ya jina lile. Pale aliposema "mimi sitasaini" ndipo alipojikana, maana pale ndipo alipoachana na fedha, usalama na kesho yake. Hakuna nafsi mbili zilizogombana ndani ya tendo lile. Na tusisahau kwamba wale watu waliookolewa wasiumwe matumbo hawakujua, na wengi wao hawajui hata leo.

Lakini mimi si Floribert, na nyinyi, pengine, bado. Niwaambie yaliyonipata baada ya kuungama.

Nilirudi depo, nikamwambia mkuu kwa heshima kwamba tangu siku ile nitaandika kile ambacho chombo kinaonyesha. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Niliandika kweli kwa siku nne. Siku ya tano nililipwa nusu ya mwezi, nikaambiwa nisirudi. Kesho yake kijana mwingine aliketi kwenye kiti changu, naye alikuwa mwana kikundi wa parokia jirani. Tulikuwa tumecheza mpira pamoja. Akaandika nne. Mchimbaji hakupata kitu kwa ushujaa wangu isipokuwa siku nne za bei ya haki.

Nyumbani mambo yakawa mazito. Mdogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa tano wa sekondari, nami ndiye niliyekuwa nikimlipia. Muhula ule alirudishwa nyumbani. Mama alikaanga maandazi na kuyauza barabarani ili tule. Jioni moja, tukiwa tumekaa nje gizani kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, aliniambia polepole, kwa lile jina analoniitia tangu nikiwa mdogo: "Baba, wewe umeiokoa roho yako. Na mdogo wako?"

Sikuwa na jibu, na nawaomba msinipe jibu la haraka. Katika mafungo tungeambiwa kwamba ni jaribu, kwamba Petro naye alimzuia Bwana asiende Yerusalemu. Lakini mama yangu hakuwa akinizuia. Alikuwa akiniuliza swali lilelile la Padri, kutoka upande mwingine: nani alitenda, na nani analipa? Niliikana nafsi yangu, na hesabu ikapelekwa kwa msichana wa miaka 17 ambaye hakuulizwa. Kuna kujikana kwingi kwa namna hiyo katika vitabu vya watakatifu na katika familia zetu. Baba anatoa yote kanisani, watoto wanalala na njaa. Kijana anaitwa na Mungu, anawaacha wazazi wazee bila mtu wa kuwachotea maji. Yezu mwenyewe aliwakemea waliosema kwamba mali ya kuwasaidia wazazi wao wameitolea hekaluni. Imo katika Injili ya Marko, sura ya 7, nasi huipita upesi.

Je, basi, ningebaki na kuandika nne kwa ajili ya shule ya mdogo wangu? Hapana. Mama wa kwaya naye ana watoto, na watoto wake pia walikuwa wanasoma, au hawasomi, kwa sababu ya nne yangu. Haiwezekani kumlisha mdogo wangu kutoka sufuria ya mtoto wa mwingine, kisha niite jambo hilo wajibu wa kifamilia. Nilipaswa kukataa. Kosa langu naliona mahali pengine: nilikataa peke yangu, na kimyakimya, kama shujaa wa filamu. Kikundi changu cha vijana, ambacho nilikutana nacho kila Jumapili, kilijua habari hizi baada ya miezi. Sikuwaambia kwa sababu nilifurahia kubeba msalaba wangu bila msaada. Hata Yezu alisaidiwa na Simoni wa Kirene.

Na niungame jambo jingine, dogo lakini la kweli. Katika miezi ile ya njaa niligeuka kuwa mhubiri mkali. Nilizinyoshea depo zote kidole, na waliofanya kazi humo niliwatazama kwa dharau, hata yule kijana niliyecheza naye mpira. Nilikuwa na haki, na haki ile ilinilewesha kuliko pombe. Huyu "mimi" niliyemwona amekufa kwenye mafungo alikuwa amefufuka akiwa amevaa nguo nyeupe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule mhubiri wa mafungo alikuwa na ukweli wake. Anayewajibika asipojikana, mwishowe huwajibika kwa ajili ya sifa yake mwenyewe, na wachimbaji hubaki kuwa mfano katika hotuba zake.

Wazee wa Musonoi na Ruwe walikuwa na hekima juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1950 Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alianza kukutana na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao katika kambi za hapa kwetu, na hapo ikazaliwa Jamaa. Walizungumza Kiswahili, na maneno yao makuu yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kwao kujikana hakukuwa jambo la mtu peke yake na ukuta wa chumba chake. Mume alimfungulia mke mawazo yake yote, hata ya aibu, na mke vivyo hivyo. Na padri mwenyewe hakubaki nje ya mazungumzo hayo kama mwalimu asiye na la kusema juu yake. Nafsi ilitolewa kwa mtu mwenye uso na jina, aliyeweza kuuliza swali na kungojea jibu. Baadaye yalitokea matawi yaliyopotoka, na maaskofu walilazimika kuyakemea, hilo nalo ni la kweli. Lakini msingi ule naupenda. Ningetamani tu mazungumzo yale ya chumbani tuyapeleke kazini, penye mizani, penye karatasi ya mshahara, penye zamu ya usiku kwenye lango la mgodi.

Kwa hiyo nina maoni mawili kwa vikundi vyetu, wewe uliye Xaveri, Kiro, Skauti au mwana kwaya.

La kwanza, mkutanoni tuulizane kazi zetu. Tumezoea kuulizana juu ya usafi wa moyo na uchumba, na ni vema. Lakini sijawahi kusikia kiongozi wa kikundi akimwuliza mwenzake: wewe kazini unaandika nini? Unasaini nini? Unapima nini? Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwaona watu waliongoja kwa hamu sabato iishe ili warudi kwenye mizani yao ya uongo. Walikuwa watu wa sala. Hatungekaa raha katika swali hilo, kwa maana wengi wetu tunaishi kwa njia hii au ile kutokana na madini, na pengine walio wengi wangejibu "niliambiwa". Hapo ndipo mazungumzo yangeanza, kama alivyosema Padri.

La pili ni gumu zaidi kwa sababu linahusu fedha. Kila kikundi kiwe na mfuko kwa ajili ya mwanachama aliyepoteza kazi kwa kukataa uovu. Hautakuwa mkubwa. Lakini michango ya sare za sikukuu twaipata, na ya mabasi ya hija twaipata. Muhula mmoja wa msichana mmoja haukuwa mzigo wa kuwashinda vijana 60. Twamwimbia Mwenye Heri Floribert nyimbo, twachapisha sura yake kwenye fulana. Kisha mwenzetu akifanya robo ya aliyoyafanya yeye, tunamwambia tutakuombea, na mdogo wake anakaa nyumbani. Mtu mmoja mwenye cheo katika parokia aliniambia kwamba Kanisa si chama cha wafanyakazi. Nilimjibu kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulionya wazi kwamba Mkristu anayepuuza wajibu wake wa hapa duniani kwa kisingizio cha mbinguni amekosea njia. Na katika Matendo ya Mitume hatusomi kwamba wenye mahitaji waliombewa tu.

Mdogo wangu alirudi shuleni mwaka uliofuata. Alipoteza mwaka mmoja, na huo haurudishwi. Mimi nilijifunza kuchomelea vyuma, kazi ninayoifanya hadi leo. Nilipopata fedha zangu za kwanza nilimkumbuka Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Mara nne sikuweza. Wachimbaji niliowapunja kwa miezi saba walikuwa mamia, wengi wamekwisha kuhama, wengine wako Kasulo, wengine Fungurume, wengine chini ya udongo. Lakini gunia la mama wa kwaya nililikumbuka vema, uzito wake na asilimia yake, nikapiga hesabu ya nilichomnyima.

Nilimkuta kwake, akichagua maharage. Nilimweleza yote, nikitumia "mimi" kila mahali panapostahili, na haikuwa rahisi. Alisikiliza bila kunitazama. Kisha alipokea zile noti, akazihesabu mara mbili, akazigawa katika mafungu matatu juu ya mkeka, akachukua fungu moja na kulifunga kwenye pindo la kitenge chake. Yale mawili akanirudishia.

"Haya ni ya wenzangu," alisema. "Wapelekee wewe mwenyewe. Mmoja anakaa Kanina, wa pili amerudi kwao Kapanga."

Yule wa Kanina nilimpata wiki ileile. Safari ya Kapanga ni ndefu, nami nimeipanga kwa kiangazi kijacho.